Shangazi Presha na Meza ya Maji Yaliyolala

Bingwa wa Kukaa, hujambo? Ndiyo, wewe hapo, uliyejimwaga kwenye kiti cha magurudumu na jarida hili mkononi. Hebu nyoosha mgongo kwanza. Habari ya leo ni ya mtu aliyeitumikia kampuni yetu ya maji miaka thelathini na moja, na kiti ndicho kilichokaribia kumng'oa kazini.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwendesha mitambo wetu mkuu anastaafu. Kwenye barua za ofisi ana jina refu na cheo kirefu zaidi. Humu ndani tunamwita Shangazi Presha. Shangazi, kwa sababu hajawahi kumwona mtu mwenye njaa akanyamaza. Presha, kwa sababu kazi yake ni kuchunga presha ya maji kwenye mabomba ya mji mzima, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu ukichelewa zamu anakupandishia ya kwako.

Alianza kama msoma mita. Alizunguka mitaani kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akifunua vifuniko na kujuana na kila mbwa. Mpaka leo anadai mbwa wa siku zile walikuwa na adabu, walibweka kwanza ndipo wakauma. Baadaye akaletwa chumba cha mitambo, na hapo ndipo akaota mizizi.

Sisi tuliokuja juzi hatukukiona chumba kile cha zamani, lakini amekisimulia mpaka tunakinusa. Hakukuwa na kompyuta hata ya dawa. Ukuta mzima ulijaa saa za presha, za duara, zenye kioo na mshale, moja kwa kila bomba kubwa. Mwendesha mitambo alikuwa anatembea kutoka saa ya kwanza hadi ya mwisho, anasoma, anageuka, anarudi. Shangazi alitembea hivyo miaka na miaka, kitambaa begani, akifuta vioo na kuzigonga kwa kidole zile zilizokwama. Wenzake wa enzi hizo wanasema alikuwa anazisemesha kabisa. Asubuhi mshale wa bomba la sokoni ukisinzia, utamsikia: "Wewe, amka, watu wanaoga!" Na mshale, wanaapa, ulikuwa unaamka.

Kisha kompyuta zikaja. Saa zikang'olewa, ukuta ukapakwa rangi, sakafu ikafunikwa zulia la bluu. Shangazi akapewa skrini moja, baadaye mbili, mwishowe nne kwa mpigo: ya matangi, ya pampu, ya presha, na ya simu za wateja. Pamoja na skrini vikaja viti, na watu walishangilia viti kuliko kompyuta. Shangazi naye akakaa. Akakaa mpaka mgongo ukasema basi.

Mwaka jana daktari alimkataza kukaa saa nyingi. Mkuu wetu wa idara, kwa nia njema kabisa, akapendekeza ahamie masjala, akamalizie muda wake akitembeatembea kati ya makabati ya mafaili. Shangazi akagoma. Alikuwa na vijana wawili wa kuwafundisha zamu, na alitaka kuondokea chumba kile kile. Mkuu akafikiri, akamwambia sawa. Kama tukipata namna ya yeye kufanya kazi akiwa amesimama, skrini zote nne mbele ya macho, atabaki. Tukishindwa, masjala.

Basi ndugu zangu, hapo ndipo ofisi nzima ikageuka wataalamu wa meza.

Kulikuwa na kile kidude cha kupachika juu ya meza ya kawaida, unakivuta kinapanda. Kikabeba skrini mbili vizuri, ya tatu ikabaki inaning'inia pembeni, ya nne haikupata hata pa kuweka mguu. Kulikuwa na meza ya kupandisha kwa kuzungusha mpini. Imara, lakini fundi wetu wa umeme, huyu tunayemwita Waya, aliuliza kama tunamtibu mgonjwa wa mgongo au tunamchotesha maji kisimani. Ikabaki meza ya mota, unabonyeza kitufe inapanda yenyewe, ukichoka unaishusha ukae kidogo.

Sasa, watu wa maji tuna ugonjwa wetu: kila kitu tunakipima kwa lita. Waya alijumlisha skrini, mikono ya chuma ya kuzishikilia na kompyuta yenyewe, akatangaza kwamba tunahitaji meza ya lita sitini. Hakuna aliyecheka. Tukabeba madumu matatu yaliyojaa mpaka kwenye duka la samani. Mlinzi wa mlangoni alituelekeza nyuma ya jengo, akidhani tumeleta maji ya jikoni. Tukapanga madumu katikati ya meza nyembamba, nyeusi, inayong'aa, yenye miguu kama ya korongo. Muuzaji akabonyeza. Ikapanda na lita zetu sitini bila kulalamika. Tukapiga makofi dukani kama watu tuliozindua bwawa.

Umegundua nani hakuwepo? Shangazi. Tulienda kumchagulia meza mwenyewe akiwa zamu. Tulitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Ilishtua kweli. Siku ya kwanza Shangazi alisimama mbele yake akitabasamu mpaka gego la mwisho. Kabla ya saa sita akaona mstari wa presha wa mtaa wa juu unatetemeka kwenye skrini. Mstari ukitetemeka hivyo, kwa kawaida bomba limepasuka mahali. Akaita kikosi cha matengenezo. Vijana wakakimbia na masururu, wakachimba mbele ya kinyozi mmoja, na kinyozi akatoka, kamwacha mteja ndani kichwa kimejaa povu, akiwauliza wanatafuta nini wakati bomba lake linatoa maji ya kumwaga. Kiongozi wa kikosi akapiga simu: "Shangazi, huku pakavu kama biskuti!"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwatuma watu wachimbe bure. Wengine walitania, yeye hakucheka. Aliishusha meza mwenyewe, akavuta kiti, akakaa. Kesho yake ufunguo wa masjala ulionekana juu ya meza ya Mkuu, na kila aliyepita aliuona akajifanya hajauona.

Aliyetuokoa ni glasi. Mmoja wa wale wanafunzi wake wawili, binti mrefu tunayemwita Twiga, alikuwa ameipandisha ile meza ajaribu mwenyewe. Alikuwa amemletea Shangazi maji ya kumezea dawa, akaitua glasi pale mezani, akaanza kuandika. Maji yakacheza. Akaacha kuandika, yakatulia. Akaandika tena, yakacheza, na juu yake ule mstari wa mtaa wa juu ukacheza vilevile. Akaita, "Shangazi, njoo uone bomba lako lililopasuka!"

Kumbe bomba lilikuwa zima, meza ndiyo ilikuwa inatikisika. Madumu yetu yalikaa katikati, chini, na dukani hakuna aliyegusa kitu. Skrini zinaning'inia kwenye mikono ya chuma iliyobanwa ukingo wa nyuma, na meza ikiwa juu, kila ukigonga herufi, skrini zote nne zinaitikia kwa kichwa kama wajumbe wa kikao. Tulipima uzito tukasahau kwamba juu ya ile meza mtu atafanya kazi.

Safari ya pili Shangazi alikwenda mwenyewe. Tulibeba skrini nne, mikono ile ya chuma, kibodi, na glasi ile ile. Mlinzi alitutambua, akauliza leo madumu yako wapi. Muuzaji akaanza kusifia rangi na taa za miguuni, Shangazi akamwomba kwa heshima anyamaze kidogo, anasikiliza maji. Kwa kila meza ilikuwa hivi: tunafunga skrini, inapandishwa mpaka usawa wa kiwiko chake, anaweka glasi, anaandika kwa nguvu kama mtu anayejibu barua ya matusi, macho kwenye maji. Ya kwanza, yakacheza. Ya pili, yakacheza kidogo. Muuzaji alishaanza kutoka jasho tulipofika kwenye moja iliyosukumwa pembeni, nzito, miguu minene iliyounganishwa na chuma kati, rangi ya uji uliopoa. Mbaya, jamani, tusidanganyane. Shangazi akaandika. Akaandika tena. Akaupiga ubao ngumi.

"Yamelala," akasema. "Tuchukue hii, twendeni nyumbani."

Kuifunga ofisini kukaleta jambo ambalo hatukulipanga. Miguu ile ilitaka sakafu ngumu, kwa hiyo Waya akakata zulia la bluu, akalikunja. Chini yake, kwenye saruji, kulikuwa na njia. Njia kabisa, iliyolika na kung'aa, inatoka kona moja ya ukuta hadi nyingine, pale pale zilipokuwa saa za presha. Shangazi alivua ndala, akasimama juu yake miguu mitupu, akaangalia ukuta ambao hauna kitu tena. Akatembea mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Aliporudi macho yalikuwa na maji, akadai ni vumbi la zulia. Meza tuliiweka juu ya njia ile, na zulia hatukulirudisha.

Usawa wa kiwiko chake, akiwa na ndala, ni sentimita mia moja kamili. Tukauhifadhi kwenye kitufe namba moja. Waya akasema mia moja ndipo maji yanapochemka, sasa tumejua kwa nini Shangazi anachemka haraka. Alifukuzwa chumbani kwa siku nzima.

Ufunguo wa masjala ulirudi ukutani. Shangazi alimaliza mwaka wake akiwa wima, na mwezi wa tatu aliona mstari wa bomba la zahanati ya wazazi unashuka taratibu, hata kabla simu moja haijalia. Kikosi kilikwenda kwa kusitasita, kikachimba, na safari hii kiongozi alipiga simu akipiga kelele: "Shangazi, huku tunaogelea!" Wale vijana wawili sasa wanaendesha zamu peke yao. Twiga ameshaanza kuzisemesha skrini.

Shangazi, tunakushukuru kwa maji ya kila asubuhi ambayo mji huu uliyaoga bila kujua nani aliyaamsha. Tunakushukuru kwa makaripio, kwa chakula ulichotugawia, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kuipenda kazi mpaka ikaacha alama sakafuni. Mgongo wako upone kabisa, wajukuu wakuchoshe vizuri, na bomba la kwako nyumbani lisikauke hata siku moja. Likikauka, tunajua utampigia nani na kwa sauti gani.

Na wewe Bingwa wa Kukaa, kabla hujarudi kujiegemeza, tusaidie. Meza ile ina vitufe vitatu tu vya kumbukumbu. Cha pili ni cha Twiga, cha tatu ni cha mwenzake. Jumatatu anakuja mwendesha mitambo mpya, na naye anahitaji cha kwake. Waya amesimama mbele ya namba moja tangu jana, kidole hewani, anasema hawezi. Jioni mtu akikibonyeza, meza inashuka taratibu mpaka kwenye kiwiko cha Shangazi, inasimama hapo, inasubiri.

Ungekuwa wewe, ungekifuta?