Kwaheri Bi Kokoto: Kadi Ilikuwa Mezani

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa tisa na nusu alasiri, msaidizi mkuu wa kliniki yetu ya meno atavua koti lake la kijani, atalikunja mara nne kama alivyozoea, na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina refu. Sisi na wagonjwa tunamwita Bi Kokoto, na ukimuulizia kwa jina lake rasmi pale mapokezi utaambiwa mtu huyo hafanyi kazi hapa.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alipoanza kazi, dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino ilikuwa ngeni, na wagonjwa walitaka kujua wanawekewa nini mdomoni. Siku moja alimjibu bibi mmoja ukweli mtupu, kwamba ndani yake mna unga wa mawe na vioo vilivyosagwa. Bibi alishuka kwenye kiti na kitambaa chetu shingoni, akaenda zake huku akisema amekuja kutibiwa jino, hakuja kulishwa chupa. Kitambaa kile hatujakipata hadi leo.

Jioni Bi Kokoto alipofika nyumbani akamsimulia mumewe, fundi mwashi, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwambia hiyo mbona ni zege tu. Tangu hapo kila mgonjwa hupewa somo la zege. Gundi ndiyo saruji, unga wa mawe ndio kokoto. Gundi peke yake ni laini, hunywea ikikauka na huliwa upesi. Kokoto ndizo zinazobeba mzigo wa kutafuna. Zikiwa kubwa, jino hukwaruza ulimi na kushika rangi ya chai. Zikisagwa laini kuliko unga wa ngano, jino hung'aa hata mwenyewe ukasahau ni lipi. Mimi nilisoma chuoni miaka mitano na sijapata maelezo yanayoshinda hayo.

Siku zile dawa ilikuja katika vikopo viwili, na ukishachanganya una dakika moja na ushei kabla haijawa jiwe. Bi Kokoto alikuwa anachanganya kwa kijiti huku anahesabu kwa kuimba, na daktari akinyoosha mkono, dawa imeshafika. Kuchagua rangi alimpeleka mgonjwa dirishani kabla jino halijakauka, kwa sababu jino likikauka hudanganya, huonekana jeupe kuliko lilivyo. Kuna bwana harusi alipelekwa dirishani mara tatu, mpaka mchumba wake akauliza huyu mama anamtafuta nini mwanaume wa watu.

Aliposikia kwamba mimi ndiye nitakayeandika wasifu wake, aliniita pembeni akaniomba niandike mazuri tu, na mengine niyaache yalale. Naomba radhi, Mama. Hayajawahi kulala.

Wote mnaijua hadithi ya kadi. Kila msaidizi mpya husimuliwa wiki yake ya kwanza, na kwenye kila sherehe lazima atokee mtu wa kumtania Bi Kokoto kwamba kadi iko wapi. Yeye hucheka, nasi hucheka. Wacha niwasimulie upya, maana mliyosimuliwa siyo iliyotokea.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Nilikuwa daktari mpya, mwezi wa pili wa majaribio, kiburi kimenijaa kuliko ujuzi. Akaja mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, jino lake limezibwa miaka kumi na miwili kabla na halimuumi hata kidogo. Alikuja kusafishwa tu. Nikampiga picha ya eksirei, nikaona chini ya dawa kivuli cheusi ti. Nikasema jino limeoza, tunafungua.

Sasa, dawa ya zamani ilikuwa na unga wa jiwe gumu na kioo cha kawaida, ambavyo miale ya eksirei huvipita bila kuacha alama. Jino lililozibwa vizuri kwa unga ule huonekana na kivuli, sawasawa na jino bovu. Unga wa siku hizi ni wa kioo chenye madini mazito, kwenye picha unatoka mweupe pe. Ukitaka kujua jino limezibwa kwa unga upi, unasoma kadi ya mgonjwa.

Hadithi mliyosimuliwa inasema Bi Kokoto alisahau kuniletea kadi. Hakusahau. Aliileta, akaiweka mezani juu ya ile picha, na kwa sababu mgonjwa alikuwa anasikia hakusema neno, alinigongea kidole mara mbili kwenye mstari ulioandikwa unga wa mawe. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Niliusoma. Nikaona aibu kufundishwa na msaidizi mbele ya mgonjwa, nikaisogeza kadi kando na kuwasha mashine.

Nilikuta dawa nzima na jino gumu. Badala ya kusimama, nikachimba zaidi nikiutafuta uozo ambao haukuwepo, mpaka damu ikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye mshipa. Jino la mwalimu tulilihangaikia karibu mwaka mzima, na mwishowe tukaling'oa.

Mkuu wa kliniki wa wakati ule alituita ofisini siku ya pili. Aliuliza kwa nini daktari alifungua jino bila kusoma kadi. Bi Kokoto akajibu kwamba kadi hakuileta, kosa ni lake. Akapewa barua ya onyo, na cheo cha msaidizi mkuu, ambacho kilikuwa chake mwezi ule bila ubishi, akapewa mwingine. Alikingojea miaka saba zaidi.

Nilimfuata chumba cha kuchemshia vyombo nikilia. Alikuwa anapanga vyombo kwenye trei, wala hakugeuka haraka.

"Wewe bado mbichi, mwanangu," aliniambia. "Wakikutoa leo, mikono yako haitashika tena jino la mtu. Mimi watanisema, kisha watachoka."

Hawakuchoka. Kwa miezi mitatu baada ya hapo alikuwa anabaki saa moja kila siku baada ya kazi, anapekua kadi za miaka yote ya unga wa mawe, mia nne na kumi na mbili, akizitia alama nyekundu pembeni ili daktari yeyote mwenye haraka ajue kivuli kile si uozo. Jarida hili hili la kliniki likamsifu kwa kujifunza kutokana na kosa lake. Nililisoma nikiwa nimekaa naye meza moja tukinywa chai. Aliniuliza kama nataka sukari.

Nilijiahidi kusema nikishathibitishwa kazini. Nikathibitishwa. Nikajiahidi kusema nikipanda cheo, nikapanda, na leo kiti cha mkuu wa kliniki nakikalia mimi. Wahenga walisema kawia ufike, lakini mimi nimekawia mno, na muda wote huo mwanamke huyu amekuwa akinishikilia taa nikifanya kazi, ananiita daktari mbele ya watu, na hajanikumbusha hata kwa jicho.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa yule mwalimu, naye amestaafu pia, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, kama yule mama anajua kwamba nimekuja. Nikamwambia hajui. Akasema basi nimwambie. Jumatatu nikaenda mbele ya bodi. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili la Bi Kokoto. Nyingine imeandikwa, ina jina langu, iko kwenye faili langu, na nimeisaini.

Bi Kokoto, Mama yangu wa kazini, kwa niaba ya madaktari, wasaidizi, mapokezi na wagonjwa ambao meno yao yamo vinywani mwao kwa sababu yako, tunakushukuru. Nenda ukapumzike, uamke saa unayotaka, ule na kunywa na mzee wako kwa raha, na Mungu akupe afya na siku nyingi njema.

Kadi uliileta, Mama. Niliisoma. Nisamehe.