Musizime Gari ya Vagheni

Banc yetu ni kiti cha nyuma cha minibus moja yenye ilikufa zamani. Tumeiweka kwenye kona, chini ya mabati ya fundi wa viatu, na kila asubuhi thermos ya kahawa inazunguka pale. Mimi njo Docta. Jina hilo batu ndio walinipa. Mimi nilibakumbusha tu, kila siku, miaka kumi. Moteur ya gari yoyote ninaijua kwa masikio. Ile asubuhi, mbele ya banc kulikuwa gari ya Vagheni, usukani kuume, imetoka Japani, imepita mupaka wa Kasindi, na pembeni yake pikipiki yangu, ile inalisha nyumba. Tulishapatana: yeye anipe gari, mimi nimupe pikipiki pamoja na mikaratusi yote ya baba kule Lubero. Kulibaki sahihi tu. Vagheni alienda kufotokopia karatasi, na mbele ya kuondoka akasema: «Bakubwa, musizime. Essence yenye inaungua ni juu yangu. Muache iimbe.» Ile heshima ilinigusa. Na mimi, ili asinipite kwa heshima, nikaacha pikipiki yangu nayo inawaka. Bibi yangu Berthe, mama ya batoto yangu, alikuwa amesema neno moja: «Ukileta kitu chenye hakitembei, utalala ndani yake.»

— Docta, kuko kasauti, akasema Kasonia. Tunamuita Kilomètre, sababu alifanyaka kazi ya convoyeur, musaidizi wa dereva, kwenye camion. Tsi-tsi-tsi, akaongeza. Kule ndani.

— Ile ni chaîne ya distribution, nikasema. Munyororo wa ndani ya moteur. Njo unaambia vyuma: sasa weye, sasa weye. Ukilegea, vyuma vinagongana, gari imekufa.

— Na huu umelegea?

— Huu? Huu uko naongea Kijapani.

Melchior akasafisha koo. Huyo ni Monseigneur: alisoma seminari miezi mitatu, akarudi na mezali tu.

— Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Hii gari inavuma, donc haiko tupu! Weka sahihi, Docta.

— Na ata ukilegea, dawa iko, akasema Kilomètre. Kule Kyavinyonge muchuuzi mumoja wa samaki alimimina mafuta ya tilapia ndani ya moteur. Munyororo ulinyamaza mwaka muzima.

— Na gari?

— Paka ziliifuata mpaka Beni.

— Mafuta ya nini! akasema Monseigneur. Chuma ikisikia baridi inajikunja. Docta atailaza inje kwenye baridi ya Lubero siku mbili, munyororo utarudi wa kitoto.

Mimi hapana mutu wa kushindwa kwenye banc yangu.

— Munanifundisha mimi? Siku moja niko Beni, nilisikia munyororo wenye kulegea wa avion inashuka kwenye uwanja wa ndege wa Rughenda, huku Butembo. Na nilikuwa na mafua.

— Avion iko na munyororo?

— Ile ilikuwa nao.

Hapo akafika madame Ngalula, mwalimu mwenye alitumwa kwetu kutoka Kasai, mwezi haujaisha. Tukamupa nafasi na kikombe. Alikuwa nainama ili asikie salamu zetu.

— Munasema?

— Tunasema karibu! nikapiga kelele.

— Aah. Nani anasafiri?

— Hakuna.

— Basi juu ya nini mashini mbili ziko nawaka?

Kilomètre akaangalia Monseigneur, Monseigneur akaangalia kahawa. Sisi, batu ya Butembo, batu tunazima moteur kwa kila muteremko wa njia ya Beni ili essence ibakie! Saa nzima tulikuwa tumekaa kusikiliza mutu anachoma yake bure, na tukaiita heshima.

— Docta, akasema Kilomètre polepole, munyororo wenye kulegea unapiga kelele wakati gani?

— Unapowasha moteur ikiwa baridi. Ikipata joto, mafuta yanapanda, unanyamaza.

Nilijua! Kila kitu nilijua. Batu batatu wakaniangalia.

Monseigneur akasimama, akazima gari. Mbele nifungue kinywa, Kilomètre alishafika kwenye pikipiki.

— Hapana! Hiyo uache!

— Juu ya nini, Docta?

Akaizima. Pikipiki nayo iko na munyororo wake wa ndani, na umelegea. Saa kumi na moja ya asubuhi nilikuwa nimeiwasha nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya batu, na tangu pale haikuzimwa. Mwenye kufanya ule uongo ni mimi, halafu nikakaa mbele ya ndugu yake pacha, ile gari, nikamusifu sauti.

Kahawa ilikuwa imepoa, na mashini nazo, wakati Vagheni alirudi na karatasi zake. Akasimama kwa mbali, akasikiliza ile kimya.

— Nani amezima?

Akaangalia gari yake. Akaangalia pikipiki yangu. Halafu akaniangalia mimi, na nikaona ameelewa.

— Washa basi, nikamwambia.

— Anza weye, ndugu.

— Hapana, gari njo mukubwa.

— Mais pikipiki njo ilifika ya kwanza.

Akakaa kwa mwisho mumoja wa banc, mimi kwa mwingine, mikaratusi ya baba katikati, ndani ya bahasha. Monseigneur akageuza thermos: ata tone. Madame Ngalula akasema «wasingya», shukrani yake ya kwanza kwa Kinande, akaenda zake kwa miguu.

— Anza weye, akasema Vagheni tena.

Mimi nilikuwa nafikiri neno la Berthe. Ndani ya gari, mutu anaweza kulala. Lakini pikipiki?