Nati za Mzee Clemens

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Uwe Makambako kwenye vumbi au Njombe kwenye ukungu, sogeza kigoda karibu na jiko. Leo tunamkumbuka mtu ambaye mafundi wengi wa magari wa huku kwetu walikuwa wakisikia anakuja, wanaficha spana.

Tunamkumbuka Mzee Clemens Mgaya. Mzaliwa wa Uwemba, mkazi wa Makambako, muuza viazi na mbao. Na mkazaji. Ndiyo, mkazaji. Mzee huyu alikuwa anakaza. Akikuta nati imelegea, anakaza. Akikuta nati iliyokazwa na fundi aliyesomea kazi hiyo, anaitazama kwa huruma, kisha anaikaza tena.

Nyumbani kwake bomba la uani lilifunguliwa na watu wawili, mmoja wa kugeuza na mmoja wa kumtia moyo. Bintiye, Idda, ambaye sasa ni mama wa watoto, aliniambia hivi: "Nimekua sijawahi kufungua kopo la asali peke yangu. Nilidhani makopo yote duniani yanafunguliwa na baba. Nilipoolewa nikafungua la mume wangu kwa mkono mmoja, nikashtuka, nikadhani nimelivunja."

Lakini aliyeteseka hasa ni fundi Abel, mwenye gereji pale Makambako. Mzee Clemens alikuwa na pikapu nyeupe ya petroli, kuukuu, ambayo hakuwahi kufikiria kuiuza. Abel aliihudumia. Msikilizeni mwenyewe:

"Namfungia kila kitu vizuri. Mzee anatoka getini, anasimama, anafungua boneti, anakaza. Mbele ya macho yangu! Nikamwambia, Mzee, hiyo nimeshakaza. Akanijibu, 'Najua. Wewe umeweka ya kwako, mimi naweka ya kwangu.' Ungefanya nini na mtu kama huyo?"

Basi, wasikilizaji wapendwa, kwenye pikapu ile kulikuwa na filta ya petroli. Filta ni kile kikopo kidogo kinachochuja uchafu kabla mafuta hayajafika kwenye injini. Ina nati mbili, moja kila upande, zinazoshika paipu za mafuta. Abel alimwambia mzee mara nyingi: filta imejaa uchafu, tuibadilishe. Mara nyingi alishika spana. Mara nyingi alishindwa. Nati zimekazwa na Mzee Clemens, kisha kutu nayo ikaongeza ya kwake. Mzee anacheka, anawasha gari, anaondoka.

Mwezi uliopita moyo wake ulichoka. Alilazwa, akamwita mkewe, Mama Lukresia, akamwomba jambo moja tu: "Nikifa, nipelekeni Uwemba kwa gari langu." Mama Lukresia akamwahidi. Shikeni hapo. Gari lake, si gari jingine.

Siku ya mazishi Abel ndiye aliyeendesha. Jeneza nyuma, Mama Lukresia na Idda mbele, waombolezaji wengine kwenye basi dogo lililofuata. Mimi nilikuwa kwenye hilo basi. Tukatoka Makambako vizuri. Tulipofika eneo la Ramadhani, hapo Njombe mjini, pikapu ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Abel hakuhitaji hata kutafuta ugonjwa. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akasema, "Filta."

Mpya ilipatikana haraka, maduka ya vipuri yapo pale. Shida haikuwa kupata mpya. Shida ilikuwa kuitoa ya zamani. Abel akapulizia dawa ya kutu, akangoja, akagonga taratibu kwa nyundo. Akashika filta kwa spana moja, akageuza nati kwa nyingine. Nati ya chini ikalia, ikakubali. Ya juu ikakataa. Akageuza kwa mikono miwili. Spana ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye boneti.

"Mzee Clemens!" akapiga kelele akilitazama jeneza. "Hata leo? Hata leo, Mzee?"

Kijana mmoja wa bodaboda akaja na ushauri, maana washauri hawakosekani. "Fundi, ipashe moto kidogo italegea."

"Moto? Kwenye petroli?" Abel akamgeukia. "Unataka leo tuzike wangapi?"

Simu ya Idda ikaita. Alikuwa Mzee Agustino, mdogo wa marehemu, yuko Uwemba, kaburi liko wazi na wingu limeshuka mpaka kwenye miti.

"Mko wapi?"

"Ramadhani," Idda akajibu.

"Mnafanya nini Ramadhani?"

"Tunafungua nati, baba mdogo."

Mzee Agustino akauliza: "Aliikaza Clemens?"

"Aliikaza yeye."

"Basi hamtoki hapo. Nakuja na Fuso, tutamhamisha."

Idda akakata simu, na hapo uvumilivu wake ukaisha. Alilia na kufoka kwa pamoja. "Maisha yangu yote! Bomba, geti, makopo, baiskeli yangu ya shule! Sasa anajifungia mwenyewe njia ya kaburini! Mama, lije Fuso tu. Tumechoka."

Mama Lukresia alikuwa amekaa bado kwenye kiti cha mbele. Akasema, "Idda, unakijua hiki kiti?"

"Nakijua, mama."

"Hukijui. Ulizaliwa hapa."

Wasikilizaji wapendwa, hata Abel alishusha spana.

"Tulikuwa tunatoka Matembwe kwa bibi yako," Mama Lukresia akasema. "Uchungu ukanishika njiani. Nati ya filta ikalegea, petroli ikamwagika yote, gari likazima katikati ya msitu. Mvua. Baba yako hakuwa na spana. Aliikaza ile nati kwa vidole mpaka vikatoka damu, na mafuta yalishaisha. Ukazaliwa hapa. Akakufunga kwenye koti lake linalonuka petroli. Hukulia, Idda. Tulingoja, hukulia. Ulipolia, aliniambia, Lukresia, hakuna kitu kitakacholegea tena mkononi mwangu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alisema ukijua utaogopa kupanda gari."

Idda akakaa chini pale pale barabarani, na kitenge chake kizuri. Mama Lukresia akateremka, akamsogelea fundi.

"Abel, unageuza upande gani?"

"Wa kulegeza, Mama."

"Ndiyo maana anakukatalia. Nimeishi naye. Ukitaka Clemens akubali jambo, kwanza ukubaliane naye. Mpe anachotaka. Kaza."

Abel akasita. Mafundi wanaijua njia hiyo: unakaza kidogo ili kutu ipasuke, ndipo unalegeza. Lakini nati iliyokazwa vile inaweza kukatika. "Ikikatika, Mama?"

"Ikikatika, tutapanda Fuso. Kaza."

Abel akakaza. Tukasikia mlio mdogo, kama kuni kavu inapovunjika. Akageuza spana upande wa pili. Nati ikaja. Ikaja, jamani! Kina mama kwenye basi dogo walipiga vigelegele, kisha wakakumbuka tuko msibani, wakaendelea tu.

Filta mpya ikaingia. Abel akakaza nati zote mbili. "Imetosha," akasema. "Kiasi hiki ndicho kinachotakiwa."

Idda akainuka, akanyoosha mkono. "Nipe spana."

"Dada Idda, nimeshakaza."

"Najua. Wewe umeweka ya kwako."

Akainama kwenye injini. Wakati huo Fuso lilikuwa limefika, na Mzee Agustino aliteremka, akaona mgongo ule umeinama chini ya boneti, akasimama ghafla. Alivua kofia, akamwambia dereva wake ageuze gari. Fuso likafuata nyuma, tupu, mpaka Uwemba. Mzee Clemens alifika kwa gari lake.

Kule Uwemba mlango wa nyuma wa pikapu ulikataa kufunguka. Jeneza likapitishwa juu ya bodi, kama lilivyopakiwa Makambako. Padre akataka kuuliza. Mama Lukresia akamwahi: "Baba, usiulize."

Pole, Mama Lukresia. Pole, Idda. Poleni, Mzee Agustino na ukoo wote wa Mgaya. Pole na wewe fundi Abel, vidole vipone.

Juzi nilipita nyumbani kwao Makambako kuwajulia hali. Jikoni kuna kopo la asali, la mwisho alilolifunga mzee kabla ya kwenda hospitali. Mjukuu alitaka asali. Idda akaweka maji ya moto, akachukua kitambaa, akalishika. Halafu akalirudisha kabatini, akamtuma mtoto dukani kununua jingine.

Wasikilizaji wapendwa, usiku huu tazameni nyumbani kwenu. Kama kuna kitu kilichokazwa na mkono ambao haupo tena, msikifungue kwa haraka.