Papa Straton na Kamba za Kromosomu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha biolojia katika shule yetu ya Kashebere, mwalimu Straton Bisengimana anastaafu rasmi tarehe 2 Julai. Prefe, mkuu wa shule, ameniomba niandike kwa niaba ya wanafunzi waliomaliza mwaka huu.

Papa Straton alizaliwa katika familia ya wafugaji wa milima ya Masisi. Alifika hapa akiwa na valisi moja ya nguo na mashaka mengi. Hakuamini homa za siku ya mtihani, wala jibu lililokuja upesi. Ukijibu vizuri alikutazama juu ya miwani: "Nani alikuambia vile?" Hadubini yetu ya pekee hutegemea jua, na wingu lilipopita alishuku kwamba tumegusa kioo.

Hata picha za kitabu hakuziamini. Kitabu kinaonyesha kromosomu zimejipanga katikati ya seli kabla haijagawanyika. Nani alizipanga? Aliuliza hivyo kila mwaka. Jibu lake lilikuwa kiunzi cha seli: nyuzi nyembamba mno zinazotoka ncha mbili za seli, zikaishika kila kromosomu pande zote mbili na kuivuta huku na huku mpaka itulie katikati.

Mwezi wa Machi, ili tuelewe, aliazima fahali wa Mama Mukashema, muuza maziwa. Kwetu fahali mkali hupelekwa sokoni kwa kamba mbili, watu wakivuta kila upande, asipate nafasi ya kumpiga mtu pembe. Sisi kwa haraka tulisimama wote upande mmoja. Fahali akaingia katika maharagwe ya prefe.

"Muliona?" alisema Papa Straton, bila kukasirika. "Muachilie, muanze tena. Seli nayo iko inafanya vile."

Alieleza kwamba kosa hilo hutokea ndani ya seli pia. Nyuzi zikivuta upande mmoja tu, hazina kinachozipinga. Huachia, kisha hushika upya. Seli haizitenganishi kromosomu zake mpaka ile ya mwisho ivutwe pande zote mbili.

Mwezi wa Mei mashaka yalimgeukia mwenyewe. Inspekta wa elimu, aliyekuja kukagua shule, alikuta karatasi zote kumi na nane za mtihani wetu wa biolojia zikitaja kamba na fahali.

"Hawa batoto walikopie," alisema. "Ao mwalimu aliuza maswali."

Kama angeshikilia hilo, majibu yetu yangefutwa na tusingeruhusiwa kufanya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Naye angestaafu na jina baya. Walimu wawili waliacha kumsalimia. Papa Straton hakujitetea. Aliomba tu inspekta achague mwanafunzi yeyote na swali lolote. Inspekta akamwonyesha kidole Drocella, aliyeketi kiti cha nyuma.

"Uzi moja ikiachia?"

"Seli inangojea, Papa Inspekta."

"Na ikikataa kungojea?"

"Seli moja itapata kromosomu ya kuzidi, ingine itakosa. Zote mbili ziko na matatizo."

"Kitabu yenu haina hii maneno. Nani alikufundisha?"

"Ngombe ya Mama Mukashema."

Darasa lilicheka. Inspekta alijikaza asicheke, hakuweza. Aliwauliza wengine wanne maswali ya kwake, kisha akatia sahihi kuyakubali majibu yetu. Wote kumi na nane tulifanya Examen d'État.

Siku ile ya inspekta, mtu mwingine angekwenda kunywa chai. Papa Straton aliziomba karatasi zetu, akakaa barazani kuzisahihisha upya, kwa kuwa majibu yaliyomfurahisha inspekta kiasi hicho yalimtia wasiwasi. Alimwondolea Drocella alama mbili, kwa sababu aliandika kwamba kromosomu hupenda kukaa katikati. Pembeni aliweka maneno mawili ya wino mwekundu: "Hazipendi. Zinavutwa." Drocella ameihifadhi karatasi hiyo ndani ya Biblia yake, na mwezi wa Oktoba ataanza masomo ya uuguzi.

Asante, Papa Straton, kwa kutokubali tuondoke na jibu tusilolielewa. Wewe na mkeo, Mama Mukabaranga, mufike Masisi salama, mupumzike vizuri, na Mungu awape miaka mingi yenye afya.