Makala Kumi na Tisa za Evelio Arbeláez Tirado

Ndugu, majirani, na ninyi wa chuo mliokaa mbele bila kuambiwa, haya ndiyo maisha ya Evelio Arbeláez Tirado kama familia inavyoyajua, yameandikwa na dada yake mkubwa, Rosmira, aliyeishia darasa la tano lakini kuhesabu anajua.

Evelio alizaliwa hapa Salamina tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa pili wa don Abelardo Arbeláez na doña Inés Tirado, na kama sisi sote akabeba jina la baba kwanza, la mama mwisho. Alimaliza sekondari mwaka 1972, mwaka uliofuata akaenda Manizales kusomea kemia, akirudi kila msimu wa kuchuma na kutia chupani maji ya kijito chetu, ambayo baada ya kuoshea kahawa yalinuka hadi ng'ombe wakayakataa.

Aliajiriwa chuoni tarehe 1 Februari 1980, akamwoa Omaira tarehe 18 Desemba 1982 katika kanisa hili hili, wakajaliwa binti mmoja, Paula, tarehe 5 Mei 1985. Mwaka 1988 jarida la ng'ambo lilichapisha makala yake ya kwanza, ya kusafisha maji hayo ya kahawa, ambayo mpaka leo watafiti wengine wameitaja katika maandiko mia tatu na kumi na mawili, ila wahariri wale, waliozoea kwamba jina la ukoo ni lile la mwisho, walilitupa la baba wakaandika E. Tirado. Rosmira alipomwambia alalamike, Evelio alicheka, "Mwache mama naye afaidi, dada, baba si alipata shamba?" Basi majarida mengine yakamwita Arbeláez, mengine Tirado, naye hakujali, na hilo ndilo kosa lake kubwa maishani, ukiacha kuvaa soksi na kandambili.

Mwaka 2001 aliajiriwa idarani Dkt. Édgar Tirado Mejía, si ndugu yetu, tumeulizia mpaka makaburini, kijana mwenye adabu iliyozidi, aliyembebea Evelio mkoba hadi kwenye gari bila kuombwa, na mwaka 2009 akawa profesa kamili kwa wingi wa makala. Mwaka 2016 chuo kilitaka kumpa Evelio uprofesa wa heshima, unaohitaji makala thelathini, kompyuta yao ikahesabu ishirini na mbili, cheo kikaota mbawa, wakati sandukuni kwake zimo arobaini na moja, Rosmira amezihesabu mara tatu kwenye meza ya jikoni. Paula ndiye aliyezikuta zile kumi na tisa zilizopungua, zote zenye jina E. Tirado, kwenye orodha ya Dkt. Tirado, hata ile ya 1988, mwaka ambao daktari huyo alikuwa na miaka kumi na sita, yuko sekondari.

"Kompyuta ndiyo iliyozikusanya, doña Rosmira, haijui watu," alijitetea mlangoni kwetu.

"Na ulipoweka sahihi chini ya orodha, wewe nawe ulikuwa hujijui?"

"Ziko nyingi, mama, mtu husahau."

"Mimi nimezaa saba, sijawahi kusahau yupi si wangu."

Evelio aliugua ini Agosti 2018, akalazwa Manizales tarehe 3 Septemba, Dkt. Tirado akaja na zabibu, akaahidi barua ya kuzirudisha makala, "wiki ijayo, profesa," wiki zikawa saba, Evelio akiuliza kila siku kama barua imefika, mpaka alipofariki tarehe 24 Oktoba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta arepa, mikate yetu ya mahindi, na kahawa wakakaa nasi bila kuangalia saa, na wenzake wa maabara, hasa wale wanaoangalia chini sasa hivi. Dkt. Tirado, aliyeleta shada kubwa kuliko la mjane, ameomba kubeba jeneza, na familia imemkubalia, atashika mbele upande wa kulia, akishasaini. Barua Paula ameipiga chapa, iko pale juu ya jeneza, kalamu tumeijaribu inaandika, padre ameshaambiwa, nasi hatuna haraka.

Nawe Evelio, pumzika kwa amani, utulie hapo kidogo, anakuja.