Gogo la Mama Mkwe

Kijiwe chetu kina mabenchi mawili, birika langu la kahawa, na tangu wiki iliyopita kina gogo la kutazama. Limelala ng'ambo ya njia, mbele ya nyumba ya mama mkwe wa Sindano, nene kiasi kwamba mtu mzima akilikumbatia mikono haikutani. Sindano ni fundi cherehani, mwembamba na mpole. Mkewe alikwenda kujifungulia kwa mama yake, na mtoto sasa ana miezi miwili. Mama mkwe kasema kuni zake zimeishia kumchemshia mzazi maji. Gogo likiwa kuni, Sindano atachukua mke na mtoto. Likibaki gogo, wanabaki. Leo ni siku ya tano, shoka limenasa katikati ya gogo, na Sindano amekuja kwangu kutafuta kahawa na ushauri. Kahawa yangu ni nzuri. Ushauri wa hapa, Mungu atusamehe.

— Unapiga mara ngapi? akauliza Profesa, aliyekuwa karani wa shule na hajaacha kusahihisha watu.

— Mpaka mikono ife ganzi.

— Ndiyo kosa lako. Haba na haba hujaza kibaba. Maana yake, piga mara moja tu, kwa hasira zote.

— Hasira sina, Profesa. Nimemkumbuka mwanangu tu.

Kamanda akakohoa. Kamanda alilinda ghala la mahindi miaka kumi na miwili, na kila mwaka vita alivyopigana humo vinaongezeka.

— Gogo hutishwa, mdogo wangu. Unalizunguka na shoka siku tatu, hupigi. Siku ya nne lenyewe limelegea.

— Umewahi kuona?

— Nimesimuliwa na aliyeona.

— Mi naona tulimwagie maji ya chumvi, Profesa akasema. Chumvi inakula chuma, sembuse mti.

— Maji ya chumvi ya nini? Kamanda akadakia. Lifukieni, mchwa wamalize kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mchwa wakimaliza, mama mkwe atapikia nini? nikauliza mimi.

— Wewe mimina kahawa.

Nikamimina. Sindano alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, macho yakiwa ng'ambo kwenye kamba ya nguo, ambako nguo ndogo ndogo zilikuwa zimeanikwa. Kila moja kaishona yeye. Nilimwonea huruma, nami si mtu wa huruma za bure.

— Twendeni tukalione tena, nikasema.

Tukavuka. Kamanda akalizunguka gogo mara mbili, akilitisha. Profesa akaligonga kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi. Ndipo mke wa Sindano akatoka na mtoto begani, akatuamkia, akainama kidogo.

— Samahani, shemeji zangu. Huu udongo hapa pembeni ni wa nini?

Profesa akamtazama Kamanda. Kamanda akatazama mawingu.

— Kulikuwa na ufa, Sindano akasema polepole. Kamanda alisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikauziba.

— Ulitaka kulipasua, ukaziba ufa?

Sindano alipiga magoti, akaukwangua ule udongo kwa kucha. Ufa ukatokea, mrefu, umeanzia kwenye gome ukaingia ndani. Akaupapasa kwa kidole gumba, na nikamwona anabadilika sura.

— Huu ni mshono, akasema. Miaka yote nafumua makoti, sijaanza hata moja katikati ya mgongo.

Akaazima kabari na nyundo kwa fundi seremala. Akaisimamisha kabari kwenye ufa, akagonga taratibu. Gogo likalia. Akagonga tena, na pande la ubavuni likaachia, refu, jeupe kwa ndani, likaanguka miguuni pa Kamanda naye akaruka. Sindano akahamia ubavu wa pili, kisha wa tatu, akilimenya kuelekea ndani. Penye vifundo alipapita, akatafuta njia nyingine. Lile shoka lililonasa lilidondoka lenyewe.

Mpaka jua la alasiri, gogo lilikuwa kuni. Mama mkwe akatoka, akazipitia, akainua moja akaipima mkononi.

— Mwanangu, umeniheshimisha. Mchukue mkeo.

Mkewe alikuwa ameshafunga mizigo. Alipoulizwa tangu lini, akasema tangu siku ya kwanza.

— Mi nilimwambia, Profesa akasema.

— Lilishatishika, Kamanda akasema.

Niliwaacha waseme. Nilikuwa nimefurahi mno hata sikutaka kubishana. Birika lilibaki na kikombe kimoja, nikakijaza nikampelekea Sindano njiani, bure. Hakukipokea. Viganja vimechubuka, shati limeloa, na mikono yote miwili ilikuwa imembeba mwanawe.