Mzee Josphat Wamae Wahome, Mwana wa Wakonyo

Mzee Josphat Wamae Wahome alizaliwa Kiganjo tarehe 3 Mei 1949, mwana wa marehemu Wahome na marehemu Wakonyo. Mstari huu mfupi ulimchukua miaka arobaini na miwili kuukamilisha, na aliagiza usomwe polepole.

Mama yake alifariki mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, na baba yake hakurudi kutoka kizuizini. Kanisa lilimlea mjini Nyeri na kumsomesha hadi kidato cha nne, 1968. Mtoto wa miaka mitano humwita mama yake Mama, basi. Jina lake hakulijua.

Mwaka wa 1970 aliajiriwa kuwa karani wa usajili wa watu, Nanyuki, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka wa 2004. Kila aliyekuja kuchukua kitambulisho alimuuliza, "Jina la mama?" na kwenye fomu yake mwenyewe palikuwa na kistari. Mtu akijibu haraka, Mzee alimwambia, "Wewe uko na bahati na hujui."

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na Eunice Warigia. Wakajaliwa mvulana, Wahome, na mwaka wa 1977 binti mmoja. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Jina hilo halikuwepo, kwa hiyo akaitwa Wangeci, jina la mama mkwe, "kwa kushikilia nafasi tu." Mama mkwe aliyasikia maneno hayo na hakufurahi hata kidogo. Hapo ndipo Mzee alipoanza kutafuta.

Na alitafuta kwelikweli. Wazee wa Kiganjo walimkumbuka mama yake vizuri: mrefu, mcheshi, asiyevumilia mbuzi wa watu shambani mwake. Aliitwa nani? "Mama Wamae." Akienda boma lingine: "Si ni Mama Wamae?"

"Wamae ni mimi," angesema, akifunga daftari lake. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na mtoto mwenyewe ndiye huyo aliyekuwa akiuliza.

Mwaka wa 2003 alipata jina kwenye daftari la ubatizo, akachinja mbuzi na kualika majirani. Baadaye ikabainika kuwa ni la mke wa Wahome mwingine, wa Othaya. Mbuzi alikuwa ameshaliwa. Mzee alinakili ukurasa ule kwa mwandiko wake mzuri akaipelekea familia hiyo, na tunashukuru wako nasi leo.

Aliyemfungua macho ni rafiki yake Abdille, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, anayetaja babu zake kumi na watano bila kumeza mate. "Mzee, wewe unauliza watu wa bwana wa mama yako," alimwambia. "Mimi nikinunua ng'ombe nauliza alizaliwa wapi. Samahani kwa mfano."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akaanza kuuliza mama yake aliolewa kutoka wapi. Wakamwambia Mweiga. Mweiga wakamtuma Mwea, Oktoba 2019, kwa bibi wa miaka tisini, Cucu Nyaguthii. Mzee akamtajia Mama Wamae.

"Huyo simjui," Cucu alisema, na Mzee akaanza kufunga daftari lake. "Mimi najua Wakonyo. Tulikuwa tunachota maji na yeye. Aliolewa Kiganjo kwa Wahome, sikumwona tena." Mzee alilia mbele ya watu wote na hakujificha.

Alimwomba binti yake alichukue jina hilo. Binti alikataa: vyeti vyake vyote vilikuwa na Wangeci, na alikuwa amechoka kuitwa wa kushikilia nafasi. Mzee hakumsukuma.

Mwaka wa 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, akaikabili bila kulalamika. Januari 2025 binti yake alimpelekea hospitalini kitambulisho chake kipya. Mzee aliomba miwani, akakikagua mbele na nyuma kama zamani kazini.

"Picha imetoka vibaya," alisema. "Jina limetoka sawa."

Alituacha Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Amemwacha mkewe Warigia, mwanawe Wahome, wajukuu watano, na binti yake, ambaye ndiye anayewasomea haya: Lydia Wangeci Wakonyo.

Pumzika kwa amani, Baba. Mama yako yuko nyumbani.